Insulini na oksitosini

Insulini na oksitosini ni homoni mbili za mwili wa binadamu ambazo hutengenezwa pia viwandani na kutumiwa kama dawa. Zote mbili ni peptidi, zote hutolewa kwa sindano, zote huhitaji jokofu, na zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Katika kituo cha afya chenye jokofu moja tu la dawa, iwe ndani ya Jiji la Arusha au kwenye vijiji vinavyozunguka Mlima Meru, huweza kukutwa kwenye rafu moja.

Pamoja na kufanana huko, matumizi yake ni tofauti na hatari zake ni tofauti. Insulini hushusha sukari ya damu; mgonjwa hujidunga mwenyewe nyumbani, kila siku, mara nyingi kwa maisha yake yote. Oksitosini hukaza misuli ya mji wa mimba. Hutolewa na mkunga au daktari, tena kwa dakika au saa chache tu wakati wa kujifungua.

Makala hii inaeleza dawa hizo kwa ujumla. Kipimo cha mgonjwa hupangwa na mhudumu wa afya anayemfahamu.

Muundo

Peptidi ni mnyororo wa asidi amino zilizoungana moja baada ya nyingine, kama shanga zilizotungwa kwenye uzi. Mnyororo ukiwa mrefu huitwa protini. Mpaka kati ya majina hayo mawili haukupigwa rula, ndiyo maana vitabu vingine huiita insulini protini ndogo.

Oksitosini ina asidi amino 9 tu. Kiungo kimoja cha sulfuri huukunja mnyororo wake uwe pete yenye mkia mfupi. Insulini ina asidi amino 51 katika minyororo miwili, mmoja wa 21 na mwingine wa 30, nayo imeshikanishwa kwa viungo vya sulfuri.

Kwa kuwa zote ni za jamii ya protini, tumbo huzitendea kama linavyotenda nyama au maharage: vimeng'enya huzikatakata kabla hazijafika kwenye damu. Mtu anayemeza insulini amekula chakula kidogo mno, basi. Ndiyo sababu ya sindano. Joto nalo huharibu umbo la peptidi hizi, na umbo likiharibika dawa haifanyi kazi tena hata kama chupa imejaa.

Zipo peptidi zisizofuata kanuni hiyo, na mojawapo iligunduliwa kutokana na uzazi wa Kongo. Wanawake wa Kasai walichemsha mmea uitwao kalata-kalata (Oldenlandia affinis) na kunywa maji yake ili kuharakisha kuzaa. Daktari Mnorwei Lorents Gran, aliyefanya kazi nchini humo miaka ya 1960, aliuchunguza mmea huo na kupata ndani yake peptidi iliyopewa jina la kalata B1. Asidi amino zake 29 zimeungana kuwa duara lisilo na mwanzo wala mwisho, ndiyo maana inastahimili maji ya moto. Ila kikombe cha majani yaliyochemshwa hakina kipimo kinachojulikana, na mji wa mimba uliokazwa kupita kiasi ni hatari ileile, uwe umekazwa kwa dawa ya kiwandani au kwa majani.

Historia

Mwaka 1906 Mwingereza Henry Dale aliona kwamba maji yaliyotolewa katika sehemu ya nyuma ya tezi ya pituitari hukaza mji wa mimba wa paka. Jina oksitosini limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kuzaa haraka. Miaka ya 1950 Mmarekani Vincent du Vigneaud alitambua mpangilio wa asidi amino zake na kuitengeneza maabarani. Hiyo ilikuwa homoni ya kwanza ya aina ya peptidi kutengenezwa na binadamu, na mwaka 1955 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Insulini ilipatikana mjini Toronto, Kanada, mwaka 1921 kwa kazi ya Frederick Banting na Charles Best, wakisaidiana na John Macleod na James Collip. Mgonjwa wa kwanza alikuwa Leonard Thompson, kijana wa miaka 14. Sindano ya kwanza ya Januari 1922 haikumfaa kwa sababu dawa haikuwa safi; baada ya Collip kuisafisha zaidi, sindano zilizofuata katika mwezi huohuo zilimrudishia uhai. Kabla ya hapo mtoto mwenye kisukari cha aina yake alidhoofika na kufa, kwa kawaida katika miezi au miaka michache. Wagunduzi waliuza haki zao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja. Ni jambo la kukumbukwa na kila anayehangaika leo na bei ya chupa moja dukani.

Kwa miongo mingi insulini ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe, jambo lililowapa shida Waislamu na wengine wasiotumia nguruwe. Tangu mwaka 1982 imekuwapo insulini inayotengenezwa na bakteria au hamira zilizopandikizwa jeni ya binadamu. Hiyo ndiyo inayopatikana kwa kawaida siku hizi.

Insulini kama dawa

Kongosho hutoa insulini kila mtu anapokula. Insulini hufungulia sukari aina ya glukosi njia ya kuingia kwenye misuli na mafuta ya mwili, na huizuia ini isimwage glukosi nyingi kwenye damu. Katika kisukari cha aina ya 1 seli zinazoitengeneza zimeharibiwa na kinga ya mwili wenyewe. Mgonjwa hana budi kupata insulini kutoka nje. Katika kisukari cha aina ya 2 mwili huipokea insulini kwa uzito. Wengi huanza kwa vidonge na baadhi huhitaji sindano baadaye. Hutumiwa pia kwa wajawazito wenye kisukari na kwa wagonjwa mahututi ambao damu yao imejaa asidi kwa kukosa insulini.

Ziko insulini za maji maangavu zinazofanya kazi kwa saa chache, na nyingine zenye ukungu mweupe zinazofanya kazi nusu siku au zaidi. Ya ukungu huviringishwa taratibu katikati ya viganja kabla ya kuvutwa, wala haitikiswi kwa nguvu. Kuna pia mchanganyiko wa hizo mbili, hasa wa 30 kwa 70.

Nchini Tanzania uchunguzi wa Donald McLarty na wenzake katika vijiji sita, uliotolewa mwaka 1989, ulikuta kisukari kwa chini ya asilimia 1 ya watu wazima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9 hivi kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Makundi hayo mawili hayalingani kabisa kwa umri wala kwa makazi, lakini tofauti ni kubwa mno kuielezea kwa hilo peke yake.

Mwaka 2011 maelfu ya watu walipita Arusha kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na kisukari kilitajwa kati ya magonjwa yanayoponywa. Mtu mwenye aina ya 2 anaweza kuacha dawa majuma kadhaa bila kuona mabadiliko, akaamini kwamba amepona. Mwenye aina ya 1 hana nafasi hiyo. Akiacha insulini, damu yake hujaa asidi ndani ya siku chache: atasikia kiu kali, atakojoa sana, atatapika, atahema kwa nguvu na pumzi yake itanuka kama matunda yaliyoiva mno. Asipotibiwa hufa. Tofauti hii ya aina 1 na 2 ingefaa ijulikane nyumbani kama inavyojulikana tofauti ya homa na malaria.

Oksitosini kama dawa

Mwilini oksitosini hutengenezwa kwenye ubongo na kuachiliwa na tezi ya pituitari. Hukaza mji wa mimba wakati wa uchungu, na mtoto anaponyonya husukuma maziwa yatoke.

Matumizi yake makubwa ni kuzuia na kutibu kuvuja damu baada ya kujifungua. Kondo la nyuma likishabanduka, mishipa iliyolishikilia hubaki wazi. Inayoifunga ni misuli ya mji wa mimba yenyewe kwa kujikaza na kuibana. Mji wa mimba ukibaki laini, damu haikomi. WHO hushauri kila mama apewe yuniti 10 za oksitosini mara mtoto anapozaliwa, kwenye msuli au kwenye mshipa. Kuvuja damu baada ya kujifungua huua wanawake wapatao 70,000 duniani kila mwaka, wengi wao katika nchi maskini. Tanzania imepiga hatua kubwa: utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ulikadiria 104.

Matumizi ya pili ni kuanzisha au kuongeza uchungu, ile inayoitwa na watu "dripu ya uchungu". Hapa dawa huingia kwenye mshipa polepole, kwa kiasi kidogo kinachoongezwa hatua kwa hatua, huku mapigo ya moyo ya mtoto na nguvu ya uchungu vikifuatiliwa. Hufanywa mahali ambapo upasuaji unawezekana.

Dawa ileile, kiasi kilekile, hubadilika tabia kwa kutegemea mtoto yuko wapi. Yuniti 10 kwenye msuli baada ya mtoto kutoka ni kinga. Yuniti hizohizo kwenye msuli kabla hajatoka zinaweza kuukaza mji wa mimba bila kupumzika, zikamnyima mtoto hewa ya oksijeni au kuupasua mji wenyewe, hasa kwa mama aliyezaa mara nyingi au aliyewahi kupasuliwa. Kwa hiyo kabla ya kudunga mkunga hupapasa tumbo kuhakikisha hakuna pacha aliyebaki. Familia inayomsihi mhudumu "amchome sindano azae upesi" inaomba jambo la hatari bila kujua.

Yuniti

Dawa zote mbili hupimwa kwa yuniti, si kwa miligramu. Ni urithi wa zamani: kabla ya kemia kuweza kuzipima, nguvu zake zilipimwa kwa wanyama, kwa mfano kwa kuangalia jinsi insulini inavyoshusha sukari ya sungura. Lakini yuniti moja ya oksitosini na yuniti moja ya insulini ni vitu viwili tofauti kabisa. Yuniti 10 za oksitosini ni mikrogramu 17 hivi. Yuniti 10 za insulini ni karibu mikrogramu 350.

Ujazo nao haulingani. Oksitosini huja katika ampuli ndogo ya kioo, kwa kawaida mililita 1 yenye yuniti 10. Insulini ya kawaida ina yuniti 100 katika kila mililita, na chupa yake ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Mtu akivuta mililita moja kutoka chupa isiyo sahihi, mama aliyetoka kuzaa atapata yuniti 100 za insulini, kiasi kinachoweza kumuua, na huku damu yake haijazuiwa. Ndiyo maana hospitali makini hutenga rafu, huandika majina kwa herufi kubwa na hutumia kwa insulini bomba lake maalumu lenye alama za yuniti. Mabomba yenyewe hutofautiana, kwa kuwa nchi nyingine zina insulini ya yuniti 40 kwa mililita. Bomba la yuniti 40 likitumiwa kwa dawa ya 100, mgonjwa hupata mara mbili na nusu ya kipimo chake.

Hatari zake

Hatari kuu ya insulini ni kushuka kwa sukari kupita kiasi. Hutokea mgonjwa anapodunga kisha asile, anapofanya kazi nzito ya shamba kuliko siku nyingine, au anapokunywa pombe. Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita ni wakati wa kuchukua hatua. Dalili ni jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kisha kuchanganyikiwa, degedege na kuzimia. Watu wengi hudhani amelewa. Mwenye fahamu hupewa vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, au soda yenye sukari, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale. Aliyezimia hamiminiwi kitu mdomoni, maana kitaingia kwenye mapafu. Hupelekwa hospitali mara moja akapewe glukosi kwenye mshipa. Kudunga mahali pamoja kila siku huleta uvimbe wa mafuta chini ya ngozi, na kutoka hapo dawa huingia mwilini bila mpango. Basi sehemu hubadilishwa.

Oksitosini haishushi sukari. Hatari zake, mbali na kuukaza mno mji wa mimba, ni kushuka kwa presha ikisukumwa kwa haraka mshipani, na kubakiza maji mwilini. Hili la pili linatokana na ndugu yake, homoni ya vasopresini inayozuia mkojo. Zinatofautiana kwa asidi amino mbili tu, hivyo figo huweza kuipokea oksitosini nyingi kana kwamba ni vasopresini. Ikitolewa kwa wingi kwa saa nyingi pamoja na dripu ya glukosi isiyo na chumvi, chumvi ya damu huzimuliwa, mama akaumwa kichwa, akatapika na kupata degedege. Kwa sababu hiyo hupendelewa dripu yenye chumvi.

Iko tofauti nyingine inayosahauliwa. Oksitosini ya mshipani huisha nguvu kwa dakika chache, hivyo dripu ikifungwa uchungu hulegea. Insulini iliyokwisha kudungwa hairudishwi. Mgonjwa aliyezidisha hulindwa kwa chakula na vipimo kwa saa nyingi.

Mama mwenye kisukari

Kuna chumba kimoja ambamo dawa hizi mbili hukutana ndani ya mtu mmoja: chumba cha kujifungulia cha mama mwenye kisukari. Wakati wa ujauzito kondo la nyuma hutoa homoni zinazopingana na insulini, kwa hiyo mahitaji yake hupanda, hasa miezi mitatu ya mwisho. Kondo likitoka, upinzani huo hukoma ghafla. Mama anayeendelea na kipimo cha jana yake anaweza kuzimia kwa kukosa sukari akiwa amempakata mtoto. Basi katika muda uleule ambao oksitosini hudungwa, kipimo cha insulini hupunguzwa. Mwenye kisukari cha ujauzito pekee mara nyingi huacha insulini kabisa. Mtoto naye hupimwa sukari, kwa kuwa kongosho lake lilizoea kutoa insulini nyingi kupambana na sukari ya mama. Kunyonya mapema humsaidia.

Mama wa namna hii hashauriwi kuzalia nyumbani wala kwenye zahanati. Kwa wakazi wa Arusha na Meru maana yake ni hospitali, kama ile ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru mjini, Selian huko Ngaramtoni au Nkoaranga kwenye mteremko wa mlima, na mpango hufanywa kliniki mapema, si usiku wa uchungu.

Uhifadhi

Dawa zote mbili hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Jiji la Arusha liko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai mkazi wa Sakina au wa Poli anaweza kuona jokofu ni anasa. Lakini safari ya dawa haiishii mjini. Upande wa kaskazini wa mlima, kuanzia Ngarenanyuki, mvua ni chache na jua ni kali, na kwenye tambarare za Monduli na Longido jua ni hilohilo. Dawa iliyoachwa mbele ya kioo cha gari au kwenye begi la bodaboda huweza kupata joto kuliko hewa ya nje.

Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa jokofuni, mbali na sehemu ya barafu, kwa sababu ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka tena. Chupa inayotumika hukaa hadi wiki nne nje ya jokofu, penye kivuli, kwa kawaida chini ya nyuzi 25 au 30 kama lebo inavyosema. Mwaka 2021 watafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na wa Chuo Kikuu cha Geneva walitoa matokeo kuhusu insulini iliyowekwa wiki nne katika joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, kama walivyolipima kwenye nyumba za kambi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya. Nguvu yake haikutofautiana kwa maana yoyote na ile iliyokaa kwenye baridi. Hiyo si ruhusa ya kuiacha juani. Ni nafuu kwa asiye na umeme.

Asiye na jokofu hutumia vyungu viwili: kidogo ndani ya kikubwa, mchanga uliolowanishwa katikati, kitambaa chenye maji juu, na dawa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Ni fizikia ileile ya mtungi wa maji ya kunywa: maji yanayogeuka mvuke huchukua joto. Hufanya kazi vizuri zaidi penye hewa kavu kama Longido kuliko penye unyevunyevu kama Tanga.

Oksitosini haina nafuu hiyo. Insulini ikipungua nguvu, sukari hupanda na kipimo cha kidole huonyesha. Oksitosini iliyoharibika hubaki angavu kama maji, na mkunga hugundua pale tu mji wa mimba unapokataa kukaza na damu inaendelea. Mwaka 2019 WHO na mashirika ya UNICEF na UNFPA yalitoa tamko la pamoja kwamba oksitosini itunzwe kwenye mnyororo baridi wakati wote, na kwamba inaweza kushiriki jokofu na chanjo. Dawa isihamishiwe kwenye kabati la chumba cha uzazi asubuhi na kusahauliwa humo.

Pasipo na uhakika wa baridi hutumika misoprostoli, ambayo ni kidonge na si peptidi, au kabetosini isiyoharibiwa na joto, ambayo ni oksitosini iliyobadilishwa kidogo. Kabetosini ilijaribiwa kwa karibu wanawake 30,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwemo, na matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha kwamba katika kuzuia kuvuja damu haikuwa nyuma ya oksitosini. Jaribio lingine lililotolewa mwaka 2023, lenye hospitali za Tanzania pia na wanawake zaidi ya 200,000, lilionyesha kwamba damu ikipimwa kwa mfuko wenye alama na tiba zote zikatolewa kwa pamoja, oksitosini ikiwa mojawapo, madhara makubwa ya kuvuja damu hupungua kwa asilimia 60.

Kabetosini hudumu mwilini kwa muda mrefu kuliko oksitosini, kwa hiyo hutolewa baada ya mtoto kuzaliwa tu, wala haitumiki kuanzisha uchungu. Kwa kazi hiyo oksitosini bado inahitajika, na itaendelea kukaa jokofuni pamoja na insulini.